Mrushaji Aliyepelekwa Vitani na Binamu Yake

Sharpstown, Houston
3 Juni 2018

Komredi Deo, na makomredi wote wa timu inayoshindwa kila siku,

Salamu za mapambano. Huku hatujambo, joto linatulinda kama askari wa doria, lakini masomo yanasonga. Bega lako linaendeleaje? Na Shangazi Apolonia, bado anashika zamu mbili hospitalini? Mwambie binti wa kaka yake anamwamkia.

Kwa haki ya utani niliyorithi kwa kuwa mama yako ni dada wa baba yangu, natamka rasmi kwamba Mwanza haijawahi kutoa mrushaji mbovu kama wewe. Wamarekani wanakulipa urushe mpira wa besiboli, nawe unawarushia wapinzani zawadi.

Lakini utani una mpaka. Nimeona picha yako ya Jumapili: umevaa jezi ya mabaka ya kijeshi, mkono kifuani, mwanajeshi akipigiwa makofi nyuma yako, na getini ile meza ya kuandikisha vijana jeshini. Deo, vita hivi vya Afghanistan vina umri wa kutosha kujiandikisha vyenyewe. Timu inayoshindwa inahitaji makofi; vita visivyoshindika vinahitaji makofi zaidi; ndiyo maana vimekutana uwanjani kwenu. Kwa niaba ya Kikao cha wanafunzi wa Afrika Mashariki, ninakutaka uikatae jezi hiyo. Kama huwezi kumshinda mpigaji, mshinde mwenye timu.

Binamu yako na mtani wako,
Bertila

Garland
11 Juni 2018

Binamu Bertila, Mwenyekiti wa dunia nzima,

Salamu nyingi. Mimi mzima, bega linauma lakini linatii. Mama anasema marahaba, na anauliza kama huko kwenye Kikao mnakula au mnahutubiana tu.

Barua yako niliisoma kwenye basi la timu baada ya kupigwa tena. Ramiro, mdakaji wetu, aliuliza nacheka nini. Nikamtafsiria. Akasema, "Mwambie aje arushe yeye. Angalau tutashindwa kwa namna mpya."

Jezi siwezi kuikataa. Kila Jumatatu mwenye timu anamwacha mchezaji mmoja, yaani anamfuta kazi, naye huanza na wenye kulalamika. Hakuna timu ya kulipwa iliyo chini ya hii yetu. Nikitoka hapa, nimetoka kabisa.

Na kwa kuwa umenitukana, pokea habari: nimeshajiandikisha jeshini. Jamaa wa meza ya getini aliniuliza ninajua nini. Nikasema ninajua kukosa shabaha. Akafurahi sana, jenerali wao amemtafuta mtu kama huyo miaka yote hii. Naondoka Septemba. Nikirudi na nishani utaing'arisha kila asubuhi, huku ukinihutubia.

Binamu yako,
Deo

Sharpstown
17 Juni 2018

Deogratias,

Sikuulizi hali.

Barua yako niliisoma jana mbele ya Kikao, kwa sauti, kwa sababu sisi hatuna chumba cha siri. Hakuna aliyecheka. Umechukua damu ya watu wa milimani ambao hawajakukosea lolote, ukaifanya mzaha wa nishani. Mwenzetu Precious alipendekeza azimio, nami nikaliandika kwa mkono wangu: kwamba Deogratias, mrushaji wa Garland, amejiandikisha jeshini na kuuza mkono wake kwa wauaji. Tumelituma katika kundi la WhatsApp la Watanzania wa Texas, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, asije mtu akasema hakujua. Anayeogopa kumkemea ndugu yake hana ulimi wa kuikemea serikali.

Usiniandikie.

Bertila

Garland
2 Julai 2018

Binamu,

Umenikataza kuandika. Ninaandika kwa haki ileile ya utani uliyoanza nayo wewe.

Sijajiandikisha popote. Jenerali gani anatafuta mtu wa kukosa shabaha, Bertila? Tangu lini mtu akanunia utani wa binamu yake, tena akaupigia kura?

Sasa sikia uliyoyatenda. Waliosoma azimio lenu walimpongeza Mama kanisani. Walimsimamisha mbele, wakamwekea mikono, wakamwombea kama mama wa askari. Unajua kwamba kaka yao Elkana, mkubwa wa baba yako na wa mama yangu, alikwenda vita vya Kagera na halikurudi hata shati lake. Mama alisimama mpaka sala ikaisha, akaja nyumbani, na tangu siku hiyo hasemi nami. Nimemwapia kwamba ni uongo. Aliandika tu kwenye karatasi iliyobandikwa jokofuni: "Hata Elkana alisema anakwenda kununua betri za redio."

Kisha azimio lenu la Kiingereza likamfikia mwenye timu. Hakukasirika. Alinikumbatia. Jumapili ya tarehe 15 nitasimamishwa katikati ya uwanja kama mrushaji anayekwenda vitani. Tiketi zimekwisha, kwa mara ya kwanza msimu huu. Nilipojaribu kukanusha, akanipiga bega hilihili bovu: "Acha unyenyekevu, kijana."

Nikisema ukweli, Jumatatu ni zamu yangu ya kuachwa. Nikinyamaza, nimewatapeli watu wa jukwaani waliozika watoto wao waliofia vitani. Iko njia ya tatu: nitie saini, uongo uwe kweli, na kila mtu apate alichokishangilia. Naifikiria hiyo ya tatu kuliko unavyodhani.

Binamu yako,
Deo

Sharpstown
6 Julai 2018

Binamu yangu Deo,

Natumaini u mzima. Mimi siwezi kusema ni mzima.

Nimekanusha katika kundi. Azimio lilienea Texas nzima kabla chai haijapoa. Kanusho limesomwa na watu wachache, na mmoja ameuliza kama jeshini wanalipa vizuri. Nimepiga simu ofisi ya timu. Dada aliyepokea ameishukuru familia yetu kwa uzalendo.

Usitie saini. Sisemi kwa niaba ya Kikao. Kikao hakina binamu, mimi ninaye. Simama useme ukweli, hata kama ni maneno matatu. Wakikuacha, wakuache ukiwa hapa. Nilitaka kuja kusimama kando yako. Nilimwomba Shangazi ruhusa, akanijibu kwa neno moja: "Usije."

Niandikie Jumapili hiyohiyo.

Binamu yako,
Bertila

Sharpstown
17 Julai 2018

Deo,

Leo ni Jumanne. Simu hupokei, Shangazi hapokei. Umetia saini?

Binamu yako

Garland
19 Julai 2018

Binamu Bertila,

Salama. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Uwanja wote ulisimama. Jamaa wa getini alikuwa kando yangu na kalamu, maana mwenye timu alitaka saini ipatikane palepale, mbele ya kamera. Kalamu niliishika, Bertila. Sikufichi. Mama alikuwa safu ya tatu, bado amevaa sare ya zamu, akiitazama ile kalamu na si mimi. Nikairudisha. Nikachukua kipaza sauti, nikasema: "Sijajiandikisha. Nilimtania binamu yangu, akaamini. Niwieni radhi."

Laiti wangezomea. Waliketi tu, safu baada ya safu. Tukacheza, tukashindwa. Jumatatu nikaachwa.

Lakini sicho kilichonikawiza. Nilipokuwa nakusanya viatu, Ramiro alikuja akaketi karibu nami. Yeye ni askari wa akiba. Ameitwa tangu Mei. Anaondoka Agosti, anakwenda kulekule Afghanistan. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakutaka kupigiwa makofi na watu watakaomsahau kabla hawajafika kwenye magari yao. Nikamuuliza mbona alinyamaza nilipokuwa navishwa sifa zake. Akasema, "Nilikuwa napumzika."

Nikaja naye nyumbani. Mama akamtazama, akanitazama mimi, akasema nami kwa mara ya kwanza tangu Juni: "Huyu amekula?"

Kikao chako kilikuwa na maneno mengi kwa asiyekwenda. Kwa anayekwenda kina lipi?

Binamu yako,
Deo

Sharpstown
22 Julai 2018

Binamu yangu Deo,

Nashukuru Mungu kwa mkono ulioirudisha kalamu. Pole kwa kazi.

Barua yako sikumsomea mtu. Jana nilikiambia Kikao hivi tu: yuko kijana anaondoka, na ndugu zetu wanampikia. Precious alisema humuagi askari bila kuvibariki vita. Nikamwambia vita nitavilaani mpaka ulimi ukauke, na hakuna neno langu hata moja juu ya vita hivyo nililolifuta. Ila sijawahi kumtazama usoni hata mmoja wa wanaopelekwa, nami naona aibu kuhutubia juu ya watu nisiowajua. Hatukukubaliana. Wengi waliondoka wamenuna. Tunakuja wanne kumuaga.

Shangazi nimempigia. Amesema nije mapema, kuna vitunguu vya kumenya.

Jina la Ramiro halitapita katika simu yoyote kwa mkono wangu. Muulize kwanza kama anatutaka. Akikubali, hakutakuwa na mabango, makofi wala hotuba. Wenzangu watatu nimewaambia kwa mdomo, mmoja mmoja, nawe nakuandikia ili usiseme hukusikia: Garland, mezani kwa Shangazi Apolonia, Jumamosi tarehe 28 Julai, saa nane mchana.

Binamu yako,
Bertila