Habari za Punda Uliowatuma

Kijiji cha Mpui,
Sumbawanga,
Rukwa.
15 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba Clemens,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe na Mama Faith na wote mnaoamka chini ya paa hilo la Singida. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linatabiri mvua kuliko redio. Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa asubuhi, kile kikohozi cha baridi ya Ufipa unachokifahamu. Kikipata uji wa ulezi wa moto kinanyamaza. Mimi sina ugonjwa, ila mgongo unanikumbusha umri kila ninapoinama kwenye baiskeli za watu. Mke wangu Adela anasema ningeinama hivyo hivyo shambani tungekuwa matajiri.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Simu huisikii vizuri siku hizi, na Mama Faith akikusikilizia anakupa kichwa na mkia wa habari, tumbo anabaki nalo yeye. Habari hii nyama yote iko tumboni.

Mwezi wa tisa uliniuliza kama kwa kututumia wale punda umetusaidia au umetuletea kicheko. Sikukujibu, kwa sababu wakati ule jibu la kweli lilikuwa kicheko. Sasa jibu lingine ninalo, lakini sikupi hapa. Nakujua; nikikupa mapema barua utaikunja na kwenda kunywa chai. Nakuandikia nikiwa nimeketi vizuri na moyo umeshuka mahali pake. Hilo likutoshe kwa sasa.

Unakumbuka hali ya mdogo wangu Bertilla. Zenon alipofariki alimwachia maksai wawili, na ugonjwa wa ndigana ukawachukua wote kabla hata hatujazoea kumwita mjane. Shamba likalala msimu mzima. Ndipo Urbano, kaka mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo wao, akamwita na kuzungumza naye kwa upole. Yule maneno mazito huyasema kwa upole, ndiyo maana yanaingia. Alisema shamba la ukoo halilali misimu miwili. Mvua za kupandia zikilikuta halijalimwa, litapewa mtu mwingine wa ukoo mwenye ng'ombe, naye Bertilla atarudi kwetu kwa Mama.

Usidhani Urbano ni mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ukikugeukia unaonekana hivyo hivyo. Kuazima ng'ombe wa jirani haikuwezekana. Kila mwenye ng'ombe hulima kwake kwanza, na akifika kwako mvua imekwisha kukupita. Kulima eneo lile kwa jembe la mkono, mwanamke mmoja, ni kujichimbia kaburi refu.

Basi punda wako wawili wakashushwa kutoka kwenye lori lililokuja kufuata mahindi. Mjomba, hapa Mpui punda tulikuwa tunamjua zaidi kutoka kwenye Injili. Watu walikuja kuwatazama masikio. Hata majina yao hukututumia, au dereva aliyasahau njiani.

Urbano alijitolea kuwafundisha. Huko ndiko tulikokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Unaijua desturi yetu: mwenye mnyama anapika pombe ya ulezi, wanaume wanakuja na kamba na fimbo, mnyama anafungwa nira, anaburutwa na kupigwa mpaka akubali. Jioni ng'ombe anatoka amejua kulima, na wanaume wanatoka hawajui njia ya nyumbani. Urbano ndiye bingwa wa kazi hiyo kuanzia hapa hadi bondeni Ilemba.

Tukawafunga punda nira ya ng'ombe. Mimi fundi, ninayejua kwamba tairi la namba nyingine halikai kwenye rimu, nilisimama pale nikatazama na sikuona kitu. Ng'ombe ana nundu ya kuzuia nira. Punda hana. Ilimkaa shingoni kama kofia ya kuazima, na kila alipovuta ilimkaba. Jike akalala chini. Wakampiga, akafumba macho. Dume akarusha mateke, akaburuta nira na mwenzake na wanaume watatu mpaka kwenye pipa la pombe, likapinduka. Hapo ndipo watu walipokasirika kweli.

Bertilla akapita katikati yao akakata kamba kwa panga. Hakupandisha sauti.

"Shemeji Urbano, nashukuru. Nimepika, mmekunywa kilichobaki. Kuanzia kesho nitawafundisha mwenyewe."

"Utawafundisha nini? Katekisimu?"

"Ikibidi."

Watu walicheka mpaka wakasahau pombe. Lakini kesho yake kicheko kiligeuka kinyongo. Ikavuma kwamba Bertilla ni mchoyo, anataka wanyama wafundishwe bila watu kunywa. Nikuambie ukweli, mimi pia niliona amekosea. Nilikwenda kwake kila alasiri na kigoda changu, nikaketi kivulini kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Kwanza hakufanya kitu. Shingo zao zilikuwa zimechubuka, akawa anaziosha kwa maji ya chumvi na kuwaacha wale nyasi. Mwezi wa kumi ulikuwa unaingia, mawingu yanaanza kukusanyika upande wa ziwa, na mdogo wangu anaosha punda. Nikamuuliza kama Urbano akija atamwonyesha usafi wao. Akaniambia nishike ndoo.

Katika kuwatazama ndipo akawapa majina. Dume akamwita Karani, kwa sababu hapiti mahali bila kukagua. Akikutana na kipande cha turubai njiani anasimama, anakitazama kwa jicho hili, kisha kwa lile, ananusa, halafu ndipo anaidhinisha. Jike akamwita Sabuni, maana hakuna kamba inayomshika. Haogopi kitu duniani, ila anachoka upesi kurudia jambo moja, kama mimi kwenye semina.

Bertilla akaona hawa si wanafunzi wa darasa moja. Akajaribu kuwatenganisha, mmoja kwake na mwingine kwetu. Lo! Walilia kutoka pande mbili za kijiji usiku kucha, na asubuhi katekista akaja kuuliza kwa adabu kama kuna msiba. Basi Bertilla akawa anamfundisha mmoja huku mwenzake amesimama pale pale akitafuna.

Karani aliogopa kitu cha kumfuata nyuma. Sisi tungemfunga gogo na kumpiga mpaka azoee. Bertilla alifanya kinyume: yeye mwenyewe alilivuta gogo mbele, na Karani akaachwa alifuate. Siku za mwanzo alilifuata kwa mbali kama mpelelezi. Baadaye akawa analinusa linapokwenda. Mwisho akawa analikanyaga kwa dharau. Alipofungwa yeye alivute, aligeuza shingo mara moja, akaona ni lile lile, akaenda zake. Mjomba, nilishuka kwenye kigoda.

Kwa Sabuni, dawa ilikuwa kumaliza mapema. Akifanya jambo vizuri mara moja, Bertilla alimfungua hapo hapo. Mimi nilisema huko ni kumlea vibaya. Kumbe mnyama aliyefunguliwa akiwa bado anataka, kesho anakuja mwenyewe kusimama kwenye kamba.

Mimi nilichangia mawili tu. La kwanza, kwa vile nakaa sana, niliona kwamba wakienda mtoni Sabuni hutembea kulia kwa Karani siku zote. Ukimpitisha kushoto anarudi nyuma na kuzunguka. Tukaamua akae kulia, na ubishi wa wiki nzima ukaisha. La pili ni mkanda. Tulikuwa tumemwona Karani akisukuma mlango wa zizi kwa kifua, na Mama Faith akatuthibitishia kwa simu kwamba huko kwenu punda huvutia kifuani. Nikashona mikanda ya magunia na tyubu za baiskeli. Wa kwanza ulikuwa mzuri sana kwa macho, nikaita watu waje kuuona. Ulimkwangua Sabuni manyoya yote ya kifuani, naye akagoma, na alikuwa na haki. Tukamwacha apone tena. Bertilla hakunilaumu. Alileta blanketi la Zenon, lile la kijivu, akalikata vipande na kunipa nishonee ndani. Nilishona.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki moja baada ya Siku ya Marehemu Wote. Asubuhi iliyofuata Bertilla aliwafunga mkanda, akashika plau, na mimi nikatembea mbele, si kwa kuwavuta, ila Karani alipenda kuwe na mtu wa kukagua njia. Wakalima. Polepole, na mistari ilikuwa inayumba kama mwandiko wangu, lakini udongo uligeuka.

Tulikuwa hatujafika hata robo Urbano alipokuja na wanaume wa ukoo, kama saba au nane, wakapanga mstari mwisho wa shamba kwenye mikaratusi. Walikuja kuamua. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Karani akainua kichwa, akawaona, akasimama. Sabuni naye akasimama kwa sababu mwenzake amesimama. Nilimgusa Karani shavuni, nikakuta anatetemeka mwili mzima.

Tukangoja. Nilimwona Urbano akiangalia shamba lililobaki, akiangalia mawingu, akipiga hesabu yake. Kisha akaita kutoka kule.

"Mpe fimbo huyo, Bertilla. Atakulaza njaa."

Bertilla akaachia plau. Akatembea mpaka walipo, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mbele ya shemeji zake wakubwa, halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kusikia likisemwa kwa wazee wa Mpui.

"Shemeji, naomba mketi."

"Tuketi wapi?"

"Hapo hapo chini. Mkisimama hivyo anadhani mmekuja kumalizia ile kazi yenu."

Mjomba, mimi nilianza kuyachunguza masikio ya Sabuni kwa bidii sana. Ardhi ilikuwa tope. Urbano alikuwa amevaa suruali ya kaki ya vikao. Wa kwanza kuketi alikuwa mzee Cornelius, ambaye miguu inamsumbua na nadhani alikuwa akingoja ruhusa tangu asubuhi. Wengine wakatazamana, wakashuka mmoja mmoja. Akabaki Urbano peke yake amesimama. Alimtazama Bertilla. Akamtazama punda. Kisha akashuka kwa awamu, kama gunia linaloshushwa kwenye lori, mpaka akakaa.

Karani aliwakagua wote, wa kwanza hadi wa mwisho, kama anayehakiki sahihi. Akapiga chafya. Halafu akaegemea mkanda, mnyororo ukanyooka, na plau ikaenda. Walilima mpaka miguuni pa wazee. Bertilla akawageuza pale pale, na bonge la udongo likaangukia kiatu cha Urbano. Hakulitoa.

Hakuna aliyethubutu kuinuka. Kila mmoja aliogopa kuwa yeye ndiye atakayesimama na punda asimame, kisha ukoo mzima umnyooshee kidole. Wakakaa kwenye tope lile na manyunyu yale mpaka Bertilla alipowafungua wanyama wapumzike. Ndipo Urbano akainuka, suruali yote nyuma ina ramani.

"Ng'ombe wangekuwa wamemaliza," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Lakini shamba la Zenon linalimwa. Atakayekuuliza habari zake, mwambie aje kwangu."

Akaenda. Tangu siku ile sijamsikia akiwasifu punda, na simtegemei. Ila aliwakataza vijana wasipite na fimbo karibu na shamba lile, na kwake yeye hiyo ni hotuba ndefu.

Kwa hiyo Mjomba, jibu lako ni hili: shamba limelimwa lote mpaka kwenye mikaratusi, mahindi yamechomoza na kufikia kiganja, na maharage yamepandwa kati yake. Umetusaidia. Kicheko nacho kilikuwepo, siwezi kukuficha, lakini sasa tunacheka sisi. Punda wako wamenenepa. Shingo zao zimepona na hazina hata kovu, nimezipapasa mwenyewe.

Juzi mwenzangu mmoja aliniletea dagaa kutoka Kirando, nikampelekea Bertilla fungu lake. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nikakuta mlango wazi, wanyama wako uani wanatafuna mabua, na yeye amelala barazani kwenye mkeka, mdomo wazi, kanga imemwacha mguu. Tangu tumzike Zenon sikuwahi kumwona amelala mchana. Nilining'iniza dagaa mahali ambapo paka hafiki, nikaondoka kwa kunyata kama mwizi.

Mama anakusalimu sana, anasema usife kabla hamjaonana, na yeye atajitahidi vivyo hivyo. Adela anamsalimu Mama Faith na kumshukuru kwa habari ya kifua. Bertilla anakusalimu kwa magoti mawili. Ataandika mwenyewe palizi ikiisha. Mfikishie salamu Faith na mumewe Meshack, na Timoth mwambie baiskeli yake bado ipo, nimeilinda kwa kuipanda kila siku.

Mungu aliyewafikisha wanyama wale huku wakiwa hai awalinde nanyi huko, awape mvua ya kiasi na goti lisilo na la kusema.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye daima,

Christopha