Kitabu Alichokichukua Mjomba wa Yoeli

S.L.P. 41,
Newala.
17 Aprili, 1994.

Mpendwa Mama Mkubwa Theodora,

Shikamoo. Natumaini miguu yako imepata nafuu, na watoto wa jirani bado wanakusanyika barazani kwako uwasomee. Sisi huku ni wazima wa mwili. Muhogo umekubali. Yoeli ameng'oka meno ya mbele na anapiga mluzi kwa lile pengo.

Nimeichelewesha barua hii nikiogopa kukuandikia kwa hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mwezi uliopita ofisi ilinituma Masasi. Siku hizi vitabu vinauzwa hata sokoni, vya kutoka Dar na Nairobi. Nilichuchumaa nikimtafutia Yoeli, kimoja kimoja, nikiangalia mikono ya wasichana kwenye picha. Huyu kashika ufagio, yule mwiko, mwingine analia mpaka kaka yake aje. Muuzaji, Abdulkadiri, akauliza kama mtoto ni wa kike. Nikasema wa kiume. "Basi dada, umekosea upande," akasema, akanisogezea vya mpira na wawindaji, wenzake wakacheka. Sikuondoka, nikaendelea kupekua. Chini kabisa nikakipata: msichana ana spana mkononi, anatengeneza pampu ya maji ya kijiji chao.

Unajua kwetu pampu ikifa inakuwaje. Wiki niliyorudi nacho ilikufa, tukaanza tena kushuka bondeni. Yoeli, kitabu hajakimaliza, akanifuata na ndoo yake ndogo, anataka kuona maji yanatoka wapi. Akapanda mlima ameibeba kichwani, anajivuna. Kaka Dastani akatukuta barabarani akitoka Chilangala. Hakunisalimu. Alimshusha mtoto ndoo mbele za watu, akauliza nani anamfundisha kazi za kike. Yoeli, hana hila, akamsimulia habari za kitabu.

Jioni kaka akaja kukichukua. Akasema Yoeli ataingia jandoni mwezi wa saba, hatangoja mwakani kama tulivyokubaliana, na akitoka huko atakaa kwake Chilangala asije akaharibika. Baba Yoeli alikuwa ameketi pale pale. Alisema mambo ya ukoo wetu anatuachia wenyewe, akaongeza sauti ya redio. Nilitamani kuitupa uani ile redio.

Unanijua, Mama Mkubwa, naogopa kila kitu. Kazini wanapunguza watu, na bosi akiniita tu nadhani zamu yangu imefika. Lakini kaka aliposema, "Mimi ndiye mjomba, mtoto huyu ni wetu," nilijikuta namjibu: "Ni wetu kwa sababu nimemzaa mimi. Wa kwako wewe ni wa ukoo wa mkeo."

Akaondoka, kitabu kwapani.

Ukoo mzima unapita kwa wanawake, halafu mtoto wa kiume asisome habari za msichana mmoja!

Wewe ndiye mkubwa wetu, na Dastani hawezi kukupinga. Mwandikie. Jando silikatai. Nataka lingoje mwakani, Yoeli akitoka arudi kwangu, na kitabu chake kirudi sasa. Usimwambie kwamba nimelia, maana sikulia. Kila siku mtoto ananiuliza kama yule msichana aliiweza pampu, nami sijui, sikuwahi kufika mwisho.

Leo tumeshuka tena bondeni. Yoeli alidai ndoo yake, nikampa. Tulipotokea barabarani palikuwa na watu wengi, baadhi wanamjua kaka vizuri. Yoeli akanitazama kama anayeuliza aishushe. Nikamwambia twende.

Nisalimie Bartholomayo na Rose, na wote walio hapo nyumbani. Mungu akutunzie macho yako, uzidi kuwasomea hao wa barazani.

Mwanao akupendaye,
Huruma (Mama Yoeli)