Mvumo Nyuma ya Adhana

Jumanne, 16 Septemba 2025

Hili sijamwambia mtu, hata Sumaya ninayekaa naye dawati moja: adhana ikianza, mi sisikilizi adhana. Nasikiliza mvumo ulio nyuma yake. Zzzzz. Mungu anisamehe, ningeweza kuuimba.

Sasa mtaa mzima unausikia. Wanamlaumu Baba, maana spika za msikiti ni yeye anayezitunza. Baba naye kapata wa kumlaumu: Mama Mwavita, Mkongomani aliyepanga chumba cha uani kwetu. Ana couveuse, ile mashine ya umeme ya kutotolea vifaranga. Msikiti uko nyuma ya ukuta wetu, waya wa umeme ni mmoja. Na mvumo ulianza wiki ile ile alipochomeka mashine. Baba kasema: Ijumaa, wakitoka kuswali, ama aizime ama atafute chumba kwingine.

Aizime — na mayai yanakaribia kupasuka! Leo Mama Mwavita alinishikia moja sikioni. Kuna mtu ndani anagonga.

"Unamusikia? Anauliza kama baba yako amesharudi."

Nilicheka. Nikakimbilia ndani. Kawaida yangu.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Nilimngoja kila mtu atoke darasani, nikamuuliza Mwalimu Ildephonse wa umeme. Niliongea na viatu vyake. Kwa Kifaransa chake cha polepole akasema huwezi kukishtaki chombo kimoja wakati ukuta wenyewe unakuletea kelele za kila mtu. Safisha umeme kwanza, ndipo uhukumu. Weka chujio kati ya ukuta na chombo, kisha redio karibu na waya, isikilize. Akanichorea.

Kweli kabisa. Redio ya betri ya Bibi, ukiiweka pasipo na stesheni, inanguruma karibu na waya wetu hata kama hakuna kilichochomekwa. Mtaa wetu wote wa Buyenzi umo mle: mashine za kuchomelea za gereji, mota za maji, chaja za simu. Utamkamata nani?

Nikatengeneza chujio. Pete mbili zilizozungushiwa waya, kondensa chache, vyote nimeving'oa kwenye kompyuta iliyokufa. Kama chujio la chai tu: umeme upite, makapi yabaki. Mchoro unasema waya wa tatu uende ardhini. Nyumba yetu haina waya wa ardhini. Nikaufunga kwenye bomba la maji. Nikajisifu sana.

Alasiri Bibi Adija akaenda kutawadha.

"Maji yananiuma vidole," akasema.

Akasoma Ayatul Kursiyyu. Akagusa tena. Yakamuuma tena. Basi akamwambia jini, kwa heshima zote, kwamba kapotea njia, nyumba ya walevi iko avenue inayofuata. Nilikimbia nikachomoa chujio. Maji yakapona. Sasa Bibi anaamini kamshinda jini kwa mdomo wake, na majirani wameshaambiwa.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Kaka Tajudini nimemwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaleta ekseli ya Corolla kutoka gereji anakofanya kazi, tukaipigilia ardhini nyuma ya choo, tukamwagia maji.

"Umeme wako umepata gari," akasema. "Uende sasa."

Waya wa tatu nikauhamishia kwenye ekseli. Bomba nimelipima kwa testa: halina kitu.

Chujio likachomekwa, redio ikakaa kando. Kimya. Sikujua kama Buyenzi inaweza kunyamaza.

Tukachomeka mashine ya Mama Mwavita. Joto likiwaka: tak. Likizimika: tak. Basi. Mvumo hakuna. Tulingoja mpaka miguu ikafa ganzi.

"Kwa hiyo mi sina kesi?" akauliza.

"Huna, Mama."

Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka kuku wa jirani akaruka.

Lakini wiki ile kulichomekwa vitu viwili. Cha pili sitaki kukiandika.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Haya. Cha pili ni chaja ya Baba. Ile ya betri ya spika, ili umeme ukikatika adhana isikatike. Alinunua mbili zinazofanana. Moja aliitoa sadaka msikitini mbele ya watu wote, imamu akamwombea dua, Baba akawa anarekebisha kofia ambayo haikuwa imepinda. Nyingine iko sebuleni kwetu, ya akiba.

Wanaume walipokwenda kuswali niliileta chumbani, nikaichomeka kwenye chujio, redio kando. Zzzzz. Ule ule. Nikachomoa: kimya. Nikachomeka: zzzzz.

Bibi akaita kutoka jikoni: "Houda, amehamia kwenye redio?"

"Apana, Bibi. Huyu tunamjua."

Sasa nitasemaje — mi ambaye siwezi kumwambia Baba kwamba chai yake imemwagikia kanzu? Nimejaribu kwa Kifaransa: Papa, c'est ton chargeur, ni chaja yako. Inasikika kama polisi. Kwa Kiswahili: Baba, ile sadaka yako... hapo ulimi unalala. Ningesema tu kwamba chujio likikaa msikitini, kati ya chaja na ukuta, sadaka inabaki na mvumo unaondoka. Aibu hakuna. Ni sentensi moja. Ni ndefu kwangu.

Mama Mwavita amekaa mlangoni pake, kavaa kitenge cha kanisani. Hukumu kaivalia vizuri. Nilimwambia kwamba Baba ni mtu mzuri, atasikia. Akaniuliza: atasikia kwa nani?

Geti. Kandambili za Baba uani. Anamsalimu Mama Mwavita. Anaulizia watoto wake. Sasa anakohoa kile kikohozi chake cha kabla ya jambo zito.

Nimepandisha sauti ya redio mpaka mwisho.

Zzzzz.

Kikohozi kimekatika.

"Houda? Ni kitu gani hicho?"

Kandambili zinakuja huku. Ukurasa nausukuma chini ya godoro. Chaja siichomoi