Kuunganisha Majina Polepole

Jumamosi, Julai. Usa River.

Baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Ukungu umeufunika mlima tangu asubuhi, nami nimekwenda dirishani mara nyingi, kana kwamba Meru itajitokeza nikiikodolea macho.

Kuna jambo nimemficha binti yangu Aneth tangu masika. Programu ninayoandika ya kukusanya majina na habari za ukoo wetu si nzito. Mimi ndiye ninayeifanya iwe nzito.

Leo situlii. Nakaa, nainuka, natafuta miwani ambayo nimeivaa.

Ukiiambia kompyuta iongeze neno kwenye maandishi marefu, hailiandiki tu pale mwishoni. Inatafuta nafasi mpya, inanakili yote ya zamani tangu herufi ya kwanza, ndipo inabandika neno lako. Neno linalofuata, inaanza tena. Mwanzoni huoni tofauti. Maandishi yakirefuka, karibu kazi yote inakuwa ya kunakili.

Marehemu baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Mtoto akizaliwa nyumbani kwetu, jina lake halikuongezwa hadi baba ataje ukoo mzima kuanzia kwa babu wa kwanza, sisi tumesimama, maziwa yanapoa. Mtu akikohoa, anaanza upya.

Dawa naijua. Kila kipande unakiweka kwenye kisanduku chake, visanduku unavipanga kwa safu, safu ikijaa unaikuza mara mbili, na mwisho kabisa unaviunganisha vyote kwa mara moja. Kama unategemea kuchomeka watu katikati, bibi aliyesahaulika au mtoto wa nje aliyejitokeza msibani, afadhali mnyororo, kila kipande kikikijua kinachokifuata. Nimeyafundisha haya kwa miaka mingi mjini, enzi mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa na makarani waliopunguzwa kazi walipojaa darasani kwangu jioni, suti zao bado zimenyooka.

Mara ya kwanza niliandika ile njia mbaya kwa uvivu wa mgonjwa. Kompyuta yangu ya mtumba ikakoroma asubuhi nzima. Aneth alikuwa amekuja kutoka Makumira kuniletea chakula. Nikamwambia umeme wa hapa hauaminiki, lazima mtu akae karibu na mashine. Akakaa. Akamenya ndizi za loshoro, zile za kupondwa na maziwa mgando, akanisimulia vituko vya bosi wake, akaniigizia anavyotembea. Nilicheka hadi kifua kikauma.

Jumamosi iliyofuata ningeweza kurekebisha.

Sikurekebisha.

Leo amekuja Godlisten, mmoja wa wale makarani wangu, sasa ana kitambi na duka lake la intaneti mjini.

"Shikamoo, Mwalimu. Naona bado unatusumbua."

Nikamwitikia marahaba. Akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akasoma mistari yangu, kisha akashika tumbo kwa kicheko.

"Mwalimu! Hili si ndilo kosa ulilonisimamishia mbele ya darasa zima? Ukaniambia nirudi nikagonge mihuri!"

"Uzee, Godi."

"Uzee gani, na mpaka leo unakumbuka nilikaa dawati lipi?"

Akavuta kiti, akabadilisha mistari michache, akabonyeza. Majina yote ya ukoo yakawa yameungana kabla chai yake haijapoa.

Aneth, aliyekuwa amekuja kukaa na mashine kama kila Jumamosi, akatoka jikoni na ndizi iliyomenywa nusu.

"Haa! Baba, kumbe ni hivi tu? Na Jumamosi zangu zote!"

Hakukasirika. Alicheka, mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa kuni mgongoni. Hicho ndicho ninachokiona kila nikifumba macho. Ana watoto, ana mume, ana nguo za wiki nzima zinazomsubiri. Alipika haraka, akafunika sufuria, akachukua mkoba.

"Jumamosi nitatuma mtu akuletee chakula, baba. Nami nipumzike kidogo, eti?"

Nikasema ndiyo, mwanangu, pumzika. Nilisema vizuri kabisa.

Walipoondoka, nikatafuta ile programu ya zamani. Nilikuwa nimeiweka pembeni, kwenye disketi. Nikaiwasha. Mashine ikaanza kukoroma kama kawaida yake, jina moja, kisha yote upya, jina jingine, kisha yote upya. Nikageuka kwenye kiti cha Aneth. Maganda ya ndizi yalikuwa bado sakafuni.

Mashine ilikuwa inachelewa, na hakukuwa na mtu wa kuchelewa naye.

Nimeizima. Disketi nimeifuta.

Godi, najua kesho utapita kuchukua maandishi haya uyapandishe mtandaoni. Usinyooshe chochote na usimpigie simu kabla. Aneth hunisoma hapa akiwa kazini, na ayasome kwa maneno yangu mwenyewe.

Mwanangu, sikuhitaji mtu wa kuangalia umeme. Njoo au usije, sitakutengenezea sababu nyingine. Lakini uliponiuliza mwezi uliopita kama naogopa kifo, nikakujibu kwamba mtu wa umri wangu haogopi, nilikudanganya.

Naogopa kufa nikiwa peke yangu humu ndani.