Ruta Ndani ya Kasha la Chuma, Mke Kwa Kaka Yake

Shangazi, pokea salamu za mtu aliyekasirika, naomba unisaidie kabla sijatamka neno nisiloweza kulirudisha. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, sikurithi hata msumari, nyumba ninayoishi nimeijenga kwa jasho langu, vyumba sita, kuta za inchi tisa, milango ya chuma mbele na nyuma, madirisha yana nondo za milimita kumi na sita, mwizi akija atafute kazi nyingine. Mke wangu anafundisha hesabu watoto walio mbali kupitia kompyuta, chumba chake cha kazi ni cha mwisho kule nyuma, nilimchagulia mimi kwa sababu kina utulivu, sasa waifai haifiki, akianza kueleza hesabu za sehemu, picha inaganda mdomo ukiwa wazi, wanafunzi wanamcheka. Sikukaa kimya Shangazi, nilinunua vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kuongeza mtandao, vitatu, nikavipanga vyote mle mle chumbani kwake, vikawaka taa nyekundu, mtandao haukuongezeka hata punje, nikamwambia basi itakuwa kompyuta yako. Kesho yake akaibeba kompyuta akaenda kufundishia kwa kaka yake, mwanzoni alikuwa anarudi jioni, sasa analala huko huko, eti vipindi vya asubuhi vinaanza mapema. Shemeji kanipigia anacheka, "Shemeji, hiyo siyo nyumba, hilo ni sefu, hata salamu haitoki!" Yeye ana vyumba viwili na paa linavuja, halafu ndiye anayekula meza moja na mke wangu? Na usiniambie ruta ni mbovu, ni mpya, naitunza kama mboni ya jicho, ya kwanza iliibiwa kabla sijafunga milango ya chuma, hii nimeiundia kasha la chuma la milimita tatu, nimelifunga ukutani sebuleni kwa kufuli, ufunguo ninao mimi. Je, nimwamuru arudi, au nimwache mpaka akumbuke kwake ni wapi?

Fundi Mwenye Nyumba

JIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka, uniwie radhi. Kuanza bila msumari na kuishia na vyumba sita si mchezo, na kula peke yako kunauma. Lakini mkeo hajakukimbia wewe. Amekimbia kasha.

Mawimbi ya waifai hayapenyi chuma. Umeyafungia kwa kufuli, kisha unauliza mbona hayafiki chumbani! Jogoo ukimfunika kwa pipa, utawalaumu majirani kwa kuchelewa kuamka? Yale machache yanayoponyoka yanagonga kuta zako za inchi tisa. Na vile vifaa vitatu havizalishi mtandao. Vinaupokea na kuusukuma mbele. Umeviweka pasipo na kitu, vipokee nini? Wenye njaa watatu hawalishani.

Leo hii ng'oa kasha. Ruta iweke juu ya rafu, katikati ya nyumba, mbali na friji na milango ya chuma. Unaogopa mwizi? Ile milango miwili uliichomelea iwe mapambo? Kifaa kimoja kichomeke nusu ya njia, pale ambapo simu yako bado inashika vizuri. Vilivyobaki rudisha dukani. Ila kwa mtu anayefundisha kwa video, mimi ningevuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka mezani kwake. Una mashine ya kutoboa na una mikono. Waya hauogopi tofali.

Ukimaliza, kaa kwenye kiti chake, funga mlango kama anavyoufunga yeye, mpigie shemeji kwa video, mtaniane mpaka mchoke. Picha ikiganda, hujamaliza. Isipoganda, omba kuzungumza na mkeo.

Usithubutu kumwamuru. Amri ni ya mtu aliyegoma. Huyu alikuwa anatafuta pa kufanyia kazi, wewe ukasingizia kompyuta yake. Anza na hapo: "Kosa lilikuwa langu. Njoo ujaribu." Kisha nyamaza. Aje na kompyuta yake, afundishe kipindi kizima, akague kazi yako kama mteja mwenye haki ya kuikataa. Akisema rafu isogezwe, isogeze.