Herufi Zinazokimbizana na Mdomo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimerudi Tura na treni. Simu nimerudi nayo, ile kuukuu aliyonipa dada Esperansi. Twalibu, fundi wa sokoni Tabora, kaiflashi: kaondoa mfumo wa kiwandani, kaweka mwingine. Kisha kaongeza kitu cha kuipa kasi, prosesa, ubongo wa simu, isisinzie. Yote kaniandikia kwenye karatasi, maana sisikii. Mwaka wa nne sasa tangu homa ya uti wa mgongo ichukue masikio yangu.

Programu ninayo tangu Pasaka: mtu anasema, simu inaandika. Ila neno la kwanza lilikuwa likifika mtu kashaondoka, halafu simu inajizima. Twalibu anasema sasa itawahi. Lakini kila nikiiwasha upya nihakiki kwanza. Nifungue ukurasa mweusi, niandike mstari alioninakilia, nisome jibu. Moja: kasi imewaka. Sifuri: haijawaka.

Jibu: 0.

Mume wangu Justus alikuwa mlangoni, ananuka moshi wa mizinga ya nyuki. Nikamwelekezea simu aseme kitu. Akasema. Tukasubiri. Likaja neno moja tu — "maji". Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono: basi, pumzika. Akaingia ndani.

Jumanne, 10 Juni
0. Mara tano nimehakiki. Twalibu hajajibu meseji. Nimebangua karanga.

Jumatano, 11 Juni
Kajibu asubuhi. Kumbe alisahau ruhusa! Kile kitu cha kasi kipo, ila hakikupewa ruhusa ya kufanya kazi. Kimekaa tu kama mgeni asiyekaribishwa. Kanielekeza pa kugusa. Nimegusa, nimezima, nimewasha. Ukurasa mweusi. Mstari nimeukosea mara mbili.

1.

Namba peke yake sikuiamini. Nikaenda kwa jirani yangu dada Tatu, mshonaji. Nikamwamkia, nikaweka simu kwenye meza ya cherehani, nikamwomba aseme lolote. Mdomo wake bado uko wazi, herufi zishafika:

"marahaba mdogo wangu sasa nikwambie nini mimi jamani hebu kaa"

Hadi jamani! Miaka minne watu wananiandikia maneno ya lazima tu: njoo, kula, bei gani. Hakuna anayepoteza wino kuandika jamani. Nimelia. Tatu naye kalia, kajifuta na kitambaa cha mteja.

Justus yuko porini, anarudi kesho. Nitamwonyesha.

Alhamisi, 12 Juni
Sikumwonyesha.

Alirudi mchana. Nilikuwa nachagua maharage, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Akakaa kigodani nyuma yangu, anakwangua nta. Kioo kikaanza kuandika. Nyumbani tuko wawili tu.

"mzinga wa kwenye mti wa mtundu nyuki wamehama nimekaa chini yake nikala muhogo wako umezidisha chumvi mama viktori lakini nimekula wote"

Mama Viktori ndiye mimi. Nikageuka. Midomo imefungwa, macho kwenye nta. Nikarudisha uso kwenye maharage. Herufi zikaanza tena.

Mtu huyu, hata nilipokuwa na masikio, alikuwa wa maneno matatu kwa siku. Kumbe anazungumza nami! Labda kila siku, miaka yote minne, mgongoni kwangu. Ashukuriwe Mungu nyumba yetu ni ya Kiswahili. Simu haijui Kinyamwezi chake wala Kirundi changu.

Maharage yale nimeyachagua mara tatu ili asiondoke.

Ijumaa, 13 Juni
Jua bado lipo. Naandika jikoni, mgongo kwake. Anadhani ni mambo ya jumuiya ya kanisani. Kioo kinawaka, nami nanakili:

"leo mguu umekufa ganzi tena nikiwa juu mara ya tatu sasa nilikumbatia tawi mpaka ukarudi"

Mara ya tatu. Na alipofika aliniashiria: kazi nzuri, asali nyingi.

"kesho ule mti mrefu wa bondeni naogopa mama viktori"

Naogopa. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kupewa neno hilo. Nimeligusa kwa kidole pale kwenye kioo.

Nikimwambia nimesoma, huenda asipande. Au atapanda, na nyuma yangu hatasema tena. Nikinyamaza, kesho yuko juu.

"ungekuwa unasikia nisingekuambia haya"

Kalamu nimeiweka chini. Nimeiokota tena. Kivuli chake ukutani kimeinuka, kinakunja kamba ya kesho. Kimesimama.

"rustika"

Si Mama Viktori. Jina langu. Kaliita kwa sauti gani, simu haisemi.

"rustika"