Maneno Yaliyokuja na Jino

Raiwaqa, Suva
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, mimi na Eroni na watoto. Sote huku tu wazima, isipokuwa mguu wa Eroni, ule wa raga, umevimba tena na analalamika kama mwenye mimba. Vipi hali yako? Vipi presha ya Mama na magoti ya Bibi? Mama aliniambia kwenye simu kwamba tangu barua ya serikali ifike umeanza kula, na kwamba Jumatano ulimaliza sahani nzima ya magimbi na samaki wa tui, ukaomba nyingine. Baba, niliposikia hivyo nilikaa chini pale pale jikoni nikalia kwa furaha. Miezi miwili nimekuwa nikikuwaza ulivyokonda.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu anaishika Mama, na Mama akisikia jambo saa mbili, ikifika saa tatu linajulikana hadi ng'ambo ya ghuba. Haya ninayotaka kukuambia ni yako wewe kwanza. Nakuomba barua hii uisome ukiwa peke yako, na uifikishe mwisho kabla hujapandisha hasira.

Wewe huwa unawaambia watu kuwa binti yako anapiga chapa barua za serikali. Sijawahi kukusahihisha, maana kazi yenyewe ina maelezo marefu. Ni hivi. Mtu anakuja nyumbani kwako, hujamwita, anakwambia: mzee, naona huna jiko la maana, nitakujengea kwa fedha yangu, ila kwa miaka thelathini kila atakayepika humo atanilipa. Utamfukuza? Huenda jiko unalihitaji kweli. Utamkubalia hapo hapo? Huenda yuko mwingine wa kukujengea kwa nafuu. Basi kazi yetu ni kukaa na karatasi za huyo mgeni asiyeitwa na kuzichambua. Hilo jiko tunalihitaji? Wazo ni lake, au sisi tulikuwa nalo kabatini siku zote? Likibomoka, nani atajenga upya? Wenye kiwanja wameridhia? Na wakati wote huo haturuhusiwi kunywa naye hata kikombe cha chai, asije akatuzoea.

Mwezi wa pili likaja faili la Bwana Haddrick wa Brisbane. Gati, kisiwani Kadavu, kwenye ghuba yetu. Nilipofungua ramani na kuona ule mwamba ambao najua kila tundu lake la pweza, moyo ulinilipuka. Nisikudanganye, kwanza nilifurahi. Nilimkumbuka Bibi anavyobebwa mgongoni na Mjomba Sailosi kupelekwa kwenye boti, maji kifuani, huku akimtukana mjomba kwamba anatembea kama kaa. Nikakumbuka yale magunia ya unga yaliyolowa mwaka jana. Nani asiyetaka gati?

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa ridhaa ya wenye ardhi. Palikuwa na picha yako, Baba. Umevaa shati lako la bluu, umeshika jino la nyangumi kwa mikono miwili, na nyuma yako mkeka na bakuli la kunywea yaqona. Chini ya picha wameandika kwamba jamii imeridhia mradi wote. Wakubwa mezani wakalitunukia jino alama kumi kati ya kumi. Mshauri wetu kutoka Melbourne, Bwana Gareth, mtu mwema lakini mila hazijui kabisa, akauliza kama jino kama hilo hutolewa pamoja na risiti. Mezani hakuna aliyecheka. Mimi nilibana midomo hadi machozi yakanitoka.

Nikanyoosha mkono nikasema huyo kwenye picha ni baba yangu. Mkubwa wetu, Bi Shalini, mama mmoja mkali wa Nausori asiyetaka mzaha na kazi, alivua miwani akaniambia: "Basi toka mezani, Torika. Sasa hivi. Na kalamu yako uiache." Hakuwa na ubaya. Sheria ndiyo hiyo, mtu hapimi mzigo wa nyumbani kwao. Nikatoka, nikapewa faili la taka za Labasa, na tangu siku hiyo sikuruhusiwa hata kuuliza gati limefikia wapi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Afisa wa wilaya alikuja akawasomea masharti yote, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu ofisi hairuhusu ridhaa ya picha peke yake. Kila abiria alipe. Kila gunia la mizizi ya yaqona lilipe. Na kwa miaka thelathini mashua yoyote isitue mahali pengine ghubani, hata mashua zetu za kuvulia. Mama anasema watu wote wakageuka kukutazama wewe. Mzee Inoke akasema waziwazi, "Si jino ulipokea wewe? Haya, tuambie!" Nawe ukasimama ukajibu kwamba ulipokea, na kwamba msemaji wa chifu hali matapishi yake. Ukaketi. Kuanzia jioni ile watu wakaacha kuja kunywa yaqona kwako. Bakuli likakauka. Ukaanza kusukuma sahani.

Baba, mimi najua kwamba ulikumbuka. Huwezi kusahau wewe, ambaye unakumbuka hotuba za mazishi ya kabla sijazaliwa. Jino halibebi chochote ila maneno yaliyosemwa nalo, wewe ndiwe uliyenifundisha hilo nikiwa nakukunia nazi. Na maneno yaliyosemwa siku ile ya Krismasi hayakuwa ya miaka thelathini. Yule mzee Semi wa Rewa, aliyekodiwa na kampuni awasemee, aliinua jino akaomba jambo moja: ruhusa ya kuleta boti, kupima kina cha bahari, na kuona kama gati linaweza kusimama. Kupima na kuona. Hilo ndilo ulilopokea. Hilo ndilo tulilolipigia makofi sote, hata sisi wanawake tuliokaa karibu na mlango.

Lakini ulinyamaza, na nadhani najua kwa nini. Kubishania maneno ya jino ulilolishika kwa mikono yako mbele za watu kungeonekana kama kutafuta pa kuchomokea. Ukaona afadhali ufe na ahadi ambayo hukuitoa. Hiyo ni heshima, Baba, sikatai. Ila niliumia sana kuona heshima yako inatumiwa na watu wa Brisbane kama mhuri.

Kule ofisini nako mambo yakakwama papo hapo. Karatasi inasema wameridhia, afisa wa wilaya anasema watu wamenuna. Bi Shalini akagoma kupitisha. Akasema jino si sahihi wala si picha, anataka kujua liliombewa nini, neno kwa neno. Akatafuta mtu aliyekuwepo. Mtu huyo akapatikana, akaandika ukurasa mmoja. Kisha Bi Shalini akafanya jambo la busara ambalo nitamheshimu nalo maisha yangu yote: alimtuma afisa hadi Rewa kwa mzee Semi mwenyewe, bila kumwonyesha ule ukurasa, akamwomba arudie aliyoyasema. Mzee Semi alikwishalipwa na kampuni na angeweza kusema lolote. Lakini ni mtu wa mila. Alikaa vizuri, akafumba macho, akayarudia yote kama alivyoyasema kijijini. Yakalingana na ule ukurasa hadi salamu za mwisho.

Ndipo ikaandikwa ile barua mliyosomewa. Gati linahitajika kweli, wamekubali. Lakini maombi ya Bwana Haddrick hayakupita yalivyo. Shughuli itatangazwa, kampuni yoyote ije na bei yake na masharti yake, na yeye kwa kuwa wazo lilikuwa lake ataruhusiwa kushusha bei yake hadi ilingane na ile bora, kama anaweza. Sharti la kuzuia mashua limefutwa. Na atakayeshinda atakuja kuomba ridhaa upya, kwa jino lake na maneno yake, yote yakisomwa kwa sauti. Jino la kwanza limemaliza kazi yake, Baba. Waliomba kupima, wakapima. Hukudanganya mtu. Uliahidi na ukatimiza, na sasa imeandikwa hivyo kwenye karatasi ya serikali yenye mhuri. Mama anasema Mzee Inoke mwenyewe alikuja na fungu la mizizi ya yaqona, akakaa hadi akasinzia kwenye mkeka. Alhamdu, nikasema, ingawa ni neno la jirani yangu Bi Zulekha na si letu.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika barua tamu. Lakini Mama aliniambia na jambo la pili. Kwamba ulipopewa ile barua uliona imeandikwa "kwa ushahidi wa mtu aliyekuwepo." Kwamba ulisimama baada ya ibada ukasema mbele ya kanisa zima: maneno ya nyumbani husemwa na msemaji, na huyo aliyeyapeleka Suva bila kuniuliza, ulimi wake na uvimbe asiweze kumeza hata tui. Wakati Mama ananisimulia nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni. Kilinikwama, Baba. Eroni alinipiga mgongoni mara tatu.

Ulimi huo ni wangu.

Bi Shalini aliponiita na kuniuliza kama nilikuwepo, sikujibu siku tatu. Nilijua si mahali pangu. Mimi ni mwanamke, ni mtoto wako, na maneno ya mkeka ule ni yako kuyasema. Ningekuuliza kwanza, ungenikataza, na nisingekuvunjia amri. Kwa hiyo sikukuuliza. Nilikwepa makusudi, na hilo ndilo kosa langu. Niliandika ukurasa ule mezani kwangu, juu ya faili la taka za Labasa, nikatia sahihi kwa jina lako la ukoo. Nilikuwa nimechoka kusikia sahani yako inarudi jikoni imejaa.

Alhamisi nakuja na meli. Mjomba Sailosi atanisemea, kama inavyotakiwa, na mama yake Eroni ametupa jino, la zamani, jekundu kwa mafuta. Maneno yake nayaandika hapa mapema, ili safari hii yasiongezwe wala kupunguzwa na mtu: naomba msamaha kwa kuyasema maneno ya nyumba nje ya nyumba, bila kumwuliza mwenyewe. Basi. Jino hilo halibebi kingine. Halisemi kwamba najuta, kwa sababu nikijaribu kujuta nakuona unaomba sahani ya pili.

Nitakaa nje, karibu na mlango, kichwa chini. Nikisikia makofi yako ya kulipokea jino, nitaingia.

Nisalimie Mama, na umwambie asinikasirikie kwa kumficha. Msalimie Bibi, mwambie Alhamisi bado sote tutabebwa mgongoni, ila huenda isiwe kwa miaka mingi tena. Eroni anakuamkia, na watoto wanauliza kama babu bado anajua kutengeneza mitego ya kaa.

Ni mimi binti yako, ambaye ulimi wake bado haujavimba,

Torika